Dawa Inayoua Wadudu Wote

Tarehe 11 Januari

Wifi mkubwa,

Shikamoo. Najua mawifi hawaamkiani hivyo, lakini umenizidi miaka kumi na minne, na ulimi wako umenizidi zaidi, kwa hiyo ipokee tu. Sisi huku hatujambo. Kaka yako anakohoa ila hakubali kwamba anakohoa, anasema anasafisha koo. Kibanda chake cha kufuli kinaenda. Wiki iliyopita alimfungulia mtu mlango, kumbe nyumba si ya huyo mtu. Mama mkwe goti linasemaje? Mwambie sweta nimeipata. Inanibana kifuani lakini naivaa.

Nilikupigia simu mara nne hukupokea, ndiyo maana naandika. Nimetumia herufi kubwa ili usipate taabu.

Sasa kilichonikalisha chini. Tangu uondoke Oktoba nafuata yote uliyonifundisha katika ule mwezi wetu mmoja. Chumvi ya tangi la samaki pale ukumbini mwa kliniki naipima kila asubuhi kabla watu wa meno hawajaanza kupanga foleni. Wadudu wako ni wazima wote. Bado nawaita hivyo, kama ulivyoniambia siku ya kwanza, kwamba humo ndani kila kisicho samaki ni mdudu: kamba, konokono, kiti cha pweza na mikono yake mitano, yule jongoo bahari mvivu, hata lile ua lenye vidole. Ua limenenepa, sasa linazidi sahani.

Taabu ni samaki. Wiki mbili zilizopita daktari wetu wa meno, Koleo kama tunavyomwita, alikuja na samaki wa manjano kwenye mfuko wa plastiki, akataka aingie tangini kabla ya saa nne, eti kuna mgeni wake wa heshima anakuja kung'oa gego. Nikamwambia, "Daktari, samaki mgeni hukaa peke yake wiki sita kwenye tangi dogo la stoo, ndivyo wifi alivyonifundisha." Akasema, "Huyu si mgonjwa, si unamwona?" Na tangi dogo lina ufa tangu Desemba. Nikamtia. Leo samaki sita wana madoa meupe kama walionyunyiziwa chumvi, wanajisugua kwenye mawe na kuhema juujuu.

Majaribio yangu ya kazi yanaisha tarehe 15 Aprili. Koleo amesema wazi, tangi likiharibika na mimi nimeharibika. Wifi, nifanye nini?

Wako, wifi mdogo


Tarehe 24 Januari

Wifi mdogo,

Marahaba. Mama hajambo. Goti linamsumbua asubuhi, jioni linamwachia, na likimwachia tu anaanza kuulizia wajukuu. Nimemwambia aulize kwenu.

Kaka yangu mkumbushe kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Na hicho kisa cha mlango wa watu asimsimulie mwingine.

Simu sikupokea na sitapokea. Maneno ya simu hukanwa, ya karatasi hukaa. Ila mwandiko wako umenenepa kuliko wewe mwenyewe, mstari mmoja unakula nusu ukurasa. Sikumbuki kumwambia mtu yeyote kwamba napata taabu kusoma. Labda wewe unakumbuka.

Kwa hiyo umemwingiza mgeni bila kumtenga. Katika miaka yangu kumi na saba pale, Koleo amenijia na mfuko wa samaki labda mara ishirini. Kila mara nilimwuliza, "Daktari, wewe huwa unang'oa jino kwa mikono uliyotoka kulia?" Alikuwa anaguna na kwenda zake. Wewe ulimwambia nini? "Ndivyo wifi alivyonifundisha." Yaani kinga ukaiegemeza kwangu, kisha ukamtii yeye. Ugonjwa wa tangi hautibiwi, wifi, unazuiwa mlangoni, na mlangoni ulikuwa umesimama wewe.

Kabla sijasema lolote, nijibu. Madoa yana ukubwa gani? Yameanzia kwenye mapezi au mwilini? Nani alianza, wa manjano au wenyeji? Wanakula? Maji yana joto gani asubuhi na joto gani saa tisa? Chujio la makaa ulilibadilisha lini? Andika kila kitu na tarehe yake, ulete kwa posta. Haraka haraka haina baraka.

Msalimie kaka yangu.


Tarehe 3 Februari

Wifi mkubwa,

Shikamoo. Habari za huko? Huku kaka yako kikohozi sasa anakikiri. Herufi nimezipunguza, nisamehe.

Madoa ni kama punje za chumvi. Yalianzia kwenye mapezi. Wa manjano alianza, na wa manjano amekufa, na yule wa mistari miwili uliyemlea tangu akiwa kama kucha amekufa Jumanne saa tano asubuhi mbele ya watu. Waliobaki wanne hawali. Joto halijabadilika. Makaa niliyabadilisha tarehe 2 Januari.

Wifi, mbona unaniuliza haya? Ugonjwa unaujua. Ulinisimulia mwenyewe kwamba uliingia mwaka wako wa tatu ukauponya. Barua yako imekuja na maswali saba, na wakati natafuta majibu samaki wawili wamekwenda.

Jana mama mmoja mwenye shavu lililovimba alinyanyuka pale ukumbini akasema kwa sauti, "Daktari, ikiwa hawa wa ndani ya kioo wanakufa, sisi wa kwenye viti tutapona kweli?" Ukumbi mzima ulicheka. Koleo hakucheka. Aliniita ofisini akaniuliza kama najua kazi niliyoomba.

Nyuma ya ndoo ya chumvi nimeikuta ile chupa yako ya maji ya bluu. Karatasi ya dukani umeibandua, umeandika kwa mkono wako SHABA, MATONE. Matone mangapi hukuandika. Ndiyo dawa yenyewe? Na niitie wapi? Tangi dogo halishiki maji, na Koleo anasema hatalitengeneza mpaka aone kwamba nafaa.

Nakuomba, wifi, na safari hii siombi kwa utani. Niambie tu nitie au nisitie.


Tarehe 14 Februari

Wifi mdogo,

Marahaba. Mama anakusalimu, amepanda maua mlangoni na kuku wa jirani wameyafukua, kwa hiyo hapa kuna vita. Barua yako imenichukua siku mbili kuimaliza. Nilikuwa na kazi nyingi.

Chupa ndiyo hiyo. Tone moja kwa kila ndoo ya maji. Tangi lile ni ndoo mia, najua kwa kuwa nilizibeba mimi. Tia asubuhi, rudia baada ya siku mbili, kwa wiki mbili. Toa chujio la makaa kwanza, maana makaa hunyonya dawa ikawa umetia bure. Koroga taratibu. Taa zipunguze. Chakula kidogo.

Unauliza uitie wapi. Dawa hutiwa penye ugonjwa, na ugonjwa uko walipo samaki. Samaki wako wapi? Haya.

Samaki wataivumilia, usiogope. Dawa hii inaua wadudu wote, haibakizi hata mmoja. Hilo lisome mara mbili.


Tarehe 2 Machi

Wifi mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama mkwe mfikishie. Kaka yako yupo. Habari nyingine za nyumbani leo sina.

Nilitia dawa tarehe 21. Siku ya pili samaki mmoja alikula, nikafurahi mpaka nikamkumbatia yule dada wa mapokezi. Siku ya tatu nilikuta konokono wote wameanguka chini. Nikadhani wamelala. Niliwarudisha kiooni mmoja mmoja kwa mkono na wakaanguka mmoja mmoja. Kamba walikuwa wanaruka kinyumenyume na kujigonga kwenye kioo. Watoto wa wagonjwa wakashangilia, wanafikiri ni mchezo. Kufika saa sita wote kumi na mmoja walikuwa wamelala ubavu. Kiti cha pweza kilidondosha mkono mmoja, kisha wa pili, na ile mikono ikawa inatambaa yenyewe bila mwenyewe. Jongoo bahari alitapika matumbo yake yote, nyuzi ndefu nyeupe, akabaki ngozi.

Ua lilikuwa la mwisho. Lilijikunja likawa kama ngumi siku mbili nzima. Nikasema hili limeshika, hili litapona. Jumatano likafunguka, lakini halikufunguka kwa uzima, lililegea. Niliingiza mkono nilitoe, likanitoka vidoleni kama uji. Harufu ilifika mpaka kwenye kiti cha kung'olea meno.

Sijawatupa. Nimewatia wote kwenye ndoo yenye mfuniko kule stoo na chumvi nyingi juu. Niliona si haki yangu kuwatupa bila wewe.

Samaki wanne wamepona. Hawana hata doa. Wifi, nimekosea wapi? Nilihesabu matone kwa sauti, kaka yako akiwa shahidi. Uliposema inaua wadudu, mimi nilielewa wadudu wa ugonjwa, vile vijidudu visivyoonekana. Niambie kwamba na wewe ulimaanisha hao. Niambie tu hivyo, hata kama si kweli.


Tarehe 15 Machi

Wifi mdogo,

Marahaba. Mama hajambo. Maua yameshindwa, kuku wameshinda.

Sitakwambia hivyo. Katika ukumbi ule mdudu ni nani? Barua yako ya Januari ninayo hapa mapajani: kila kisicho samaki ni mdudu. Uliandika wewe. Nilikujibu kwa lugha niliyokufundisha, nikakuomba usome mara mbili. Shaba hutiwa kwenye tangi la wagonjwa lililo tupu, lisilo na jiwe wala mchanga. Tangi kubwa huachwa bila samaki wiki kumi, ugonjwa ukose wa kumshika ufe kwa njaa, na wadudu wanabaki humo salama. Kila mtu wa kazi hii analijua hilo. Ulikaa nami mwezi mzima na hukuuliza hata mara moja ile chupa ni ya nini. Ulikuwa unatazama vitu vingine.

Unadhani sijui? Miezi minane niliyaficha macho yangu. Nilihesabu hatua kutoka mlangoni mpaka tangini, nilihesabu viti, nilimtambua kila mtu kwa viatu vyake. Mama hakujua. Kaka yangu hakujua. Mtu mmoja tu alikaa ubavuni mwangu toka asubuhi hadi jioni. Kisha siku moja Koleo ananiambia kwa upole kabisa, "Nimesikia macho yamechoka, kapumzike." Amesikia! Macho hayapigi kelele, wifi. Husikika mtu akiyasema.

Lile ua nililileta likiwa dogo kama kifungo cha shati. Nililia, ukitaka kujua. Nililia siku niliyoitumbukiza barua posta, leo silii tena.

Sasa Koleo ana tangi lisilo na mdudu hata mmoja, na mfanyakazi wa majaribio aliyewaua. Mwambie yupo mmoja anayejua kuwarudisha. Samaki huwalea kwa macho, lakini wadudu huwalea kwa vidole, na vidole vyangu viko palepale. Sanduku langu limefungwa tangu Jumatatu. Aandike tu, nitapanda basi siku hiyohiyo.


Tarehe 29 Machi

Wifi,

Hatujambo. Shikamoo leo sikupi.

Barua yako ilifika tarehe 23. Kaka yako ameisoma mpaka mwisho, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha, akaenda kufungua kibanda ingawa ilikuwa usiku tayari. Tangu hapo hajataja jina lako. Nilimwuliza kama anataka kuongeza neno kwenye hii. Akasema hapana.

Ndiyo, nilimwambia Koleo. Nilimwambia baada ya kukukuta unawalisha samaki unga wa kusugulia meno. Ulikuwa unawaimbia. Maji yakawa kama maziwa, na wewe umesimama pale unatabasamu. Ulipokwenda kula nilibadilisha ndoo thelathini peke yangu, uliporudi hukugundua kitu. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mbili za kwanza nilinyamaza. Na nisijifanye malaika, kazi yako niliitaka. Nilitaka samaki wasife na nilitaka kazi, vyote viwili kwa pamoja, na mdomo ulikuwa mmoja.

Sasa sikiliza kilichokuwa kwenye droo yangu. Januari niliona siwezi. Nilimwambia Koleo samaki nitawamudu, lakini wadudu wana mtu wao, mrudishe wifi awe na wadudu wake, mimi niwe macho yake. Alikataa wiki tatu nikiwa nyuma yake kama deni. Tarehe 19 Februari akakubali. Aliipiga chapa barua ya kukuita kazini, akaisaini, akanikabidhi niitie kwenye bahasha pamoja na yangu. Kesho yake ikafika ya kwako, yenye matone. Nikasema ngoja samaki wapone kwanza, niitume na habari njema, wifi afurahi mara mbili.

Muuza samaki amekuja kutazama tangi. Amesema shaba imeshazama kwenye mawe na mchanga na gundi ya kioo. Mdudu yeyote atakayewekwa humo atakufa, akiwekwa leo au mwakani. Koleo akauliza, "Na samaki?" Akasema samaki hawana neno. Koleo akasema, "Basi samaki watupu. Tena watu wa meno hawakuwa wanaliangalia lile jongoo." Nikamwuliza kuhusu wewe. Akanijibu, "Mtu wa wadudu atafanya nini pasipo na wadudu?"

Amenithibitisha kazini tarehe 25, muda wangu haujaisha. Samaki watupu nawaweza. Lifungue sanduku lako.


Tarehe 9 Aprili

Wifi mdogo,

Hujambo? Kaka yangu hajambo? Mwambie nimeuliza.

Huku si sana. Kuanzia mwezi uliopita hata lenzi hainisaidii, kwa hiyo barua yako kanisomea Mama. Kaisoma yote, hakuruka mstari. Alipomaliza akauliza, "Hayo ya dawa uliyaandika wewe?" Nikamwambia ndiyo. Akavua miwani yake. Sasa ananiwekea chakula mezani kisha anakwenda kula jikoni. Hii naandika mwenyewe kwa kupapasa, kama mistari imepandana utanisamehe.

Sanduku nimelifungua.

Hiyo barua ya Koleo siiamini. Nadhani umeitunga ili iniume, na ungekuwa na haki. Lakini ikiwa ipo, nitumie. Sitaifanyia kitu, sitakuja nayo huko, simdai mtu. Nataka kuishika tu. Koleo akisaini hukandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka, kwa hiyo nitaijua kwa kidole. Miaka kumi na saba, wifi. Nataka kujua kama kuna siku mtu alisema nirudi.

Nitumie kwa posta ya kawaida, nitasubiri.


Tarehe 20 Aprili

Wifi mkubwa,

Kwetu salama. Kaka yako kikohozi kimekwisha, nimemfikishia kwamba umeuliza. Samaki sasa ni tisa. Watano wageni walikaa kwanza wiki zao kwa muuza samaki, nilikwenda kuwakagua mwenyewe kila siku mbili, na Koleo safari hii alisubiri.

Mama mkwe, shikamoo. Najua anayesoma ni wewe. Goti likoje? Naomba hapa umsomee polepole.

Wifi, barua ilikuwepo. Ilikuwa kwenye ile karatasi nzito yenye nembo ya kliniki, na sahihi ilikuwa imetoboa, kama ulivyosema. Ilianza na jina lako kamili, na ilisema urudi ifikapo tarehe mosi Machi.

Siku ilipofika ile barua yako ya kunieleza mdudu ni nani, nilikwenda stoo nikafungua ndoo niwatupe wadudu wako. Walikuwa wanavuja na sikuwa na gazeti. Niliwafungia kwenye hiyo karatasi nzito.